Stata Imekufa, Lakini Nani Ameipima?

Mimi nina goti na nina pikipiki, na vyote viwili ni vya zamani. Goti la kulia liliniharibikia miaka mitatu iliyopita nilipoteleza kwenye vidato vya msikiti baada ya kutawadha, na daktari akanikataza kabisa kupiga kiki. Pikipiki ni Honda CB350 ya mwaka 1972, ambayo ami yangu, Mungu amrehemu, aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Kiki ya Honda hii iko upande wa kulia, upande ule ule wa goti bovu. Kwa hivyo kilichobaki baina yangu na barabara ni kitufe kidogo kwenye mkono wa usukani, na nyuma ya kitufe hicho iko stata.

Mamangu mzazi yuko Likoni. Tangu babangu alipofariki, kila siku ya Ramadhani mimi huvuka feri kabla ya magharibi nikafuturu naye, kisha nikarudi Kisiwani kwa sala ya tarawehe. Mwenye goti zima aweza kuvuka kwa miguu. Mwenye goti langu, ule mteremko wa kuiendea feri na ule mlima wa kutokea ng'ambo, katikati ya umati unaokimbilia nyumbani, si jambo la kujaribu kila siku kwa mwezi mzima. Nayaeleza haya ili asije mtu akadhani kuwa nililia kwa sababu ya chuma.

Siku moja ya mwisho mwisho wa Shaaban nilikuwa juu ya feri, nimezima injini kama ilivyo desturi. Ng'ambo ikakaribia, mlango wa chuma ukashuka, magari yakaanza kunguruma, nami nikabonyeza kitufe. Tak. Nikabonyeza tena. Tak. Hakuna zaidi. Nyuma yangu lori la mboga likapiga honi, na nyuma ya lori wakapiga honi wote waliokuwa na honi. Kijana mmoja akanambia, "Babu, piga kiki basi!" Nilitamani nimwonyeshe goti. Mwishowe vijana wanne, Mungu awajaze kheri, waliisukuma pikipiki hadi juu, nami nikiwafuata nikichechemea huku nimebeba kofia yangu ya chuma kama mtu anayefuata jeneza.

Siku ya pili niliipeleka karakana moja hapa mjini. Fundi aliwasha taa ya mbele, ikawaka vizuri. Akapiga honi, ikalia. Akabonyeza kitufe cha stata: tak. Akapangusa mikono. "Betri nzima, mzee. Stata imekufa." Nikamuuliza kama itatengenezeka. Akasema stata ya pikipiki ya zamani namna hii haitengenezwi. Ama nimtafutie nyingine kutoka ng'ambo, ama aitoe, aliziba tundu lake, niendelee na kiki. Shauri lilikwisha kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha kahawa.

Sasa hapo ndipo nitakapo kusimama kidogo, kwa kuwa kosa lile lilikuwa langu pia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewasha taa kule juu ya feri na kujiambia kuwa betri na nyaya hazina neno. Watu wengi hupima hivyo. Lakini taa ya mbele ya wati 35, kwa betri ya volti 12, hunywa ampia zipatazo 3 tu. Stata hunywa makumi ya ampia, na mwanzo wa kuzunguka, pale injini ingali imelala na mafuta yake ni mazito, yaweza kuvuta zaidi ya mia. Uzi mmoja wa waya uliobaki mzima katika waya ulioliwa na kutu watosha kuwasha taa. Kwa stata ni sawa na kuzima moto wa nyumba kwa birika la kutawadhia. Taa ikiwaka, lililothibiti ni kwamba taa inawaka.

Rafiki yangu mmoja, muuza vitabu, ndiye aliyenielekeza kwa fundi mwingine, kijana wa miaka thelathini na kitu afanyaye kazi chini ya mkungu, nyuma ya nyumba za watu, bila ya bango. Alijifunza umeme wa magari kwa mzee mmoja aliyekwisha kufariki. Nilimkuta amekaa juu ya kigoda akifunga mota ya feni. Hakuiangalia pikipiki. Aliniangalia mimi.

"Ami, stata yako yasemaje?"

Nikamwambia, "Imekufa."

"La, hilo ni neno la watu. Yeye mwenyewe asemaje?"

"Yasema tak."

"Ahaa," akasema, akaweka feni chini.

Swali lile lilinirudisha chuoni. Maalim wetu alikuwa akitusikiliza watoto ishirini kwa mara moja, kila mmoja na sura yake, naye amefumba macho, kidole kikihesabu tasbihi. Ungeweza kudhani amelala. Lakini mtoto wa safu ya mwisho akiitoa hee ya kooni kama hee ya kifuani, bakora ilimfikia bila ya maalim kufumbua macho. Alikuwa akijua kila herufi hutoka wapi, na kwa hivyo alijua kosa limetoka wapi. Fundi huyu naye ana elimu ya namna hiyo. Stata isiyosema lolote, alinifunza, ugonjwa wake kwa kawaida uko kwenye kitufe, fyuzi, au waya mwembamba uendao kwenye rilei. Ile izungukayo kwa kelele na injini haitikisiki, tatizo liko mbele: katika Honda hii stata huizungusha injini kwa mnyororo mdogo uliofichwa nyuma ya kifuniko cha kushoto, na huko kuna vijiti vitatu vya chuma vinavyoshika stata inaposukuma na kuachia injini inapowaka, vikichakaa, havishiki. Na isemayo tak, basi rilei imefunga, amri imefika, lakini nguvu haikufuata. Hapo ni ama betri, ama nyaya nene, ama tumbo la stata lenyewe. Kuna matatu, na yule bwana wa kwanza aliliruka la kwanza na la pili akatua kwenye la tatu.

Alitoa kipima umeme chake, kimefungwa kwa utepe mweusi pande zote. Betri ikaonyesha volti 12.6, nayo ni shibe kamili. Akaniamuru nibonyeze kitufe huku vidole vyake vya kipimo viko juu ya betri. Ikashuka hadi 12.4 tu. Mimi nikafurahi, nikasema betri ni madhubuti. Yeye akatikisa kichwa. Betri inayobebeshwa mzigo wa stata, alisema, lazima iiname, ifike kumi au kumi na moja; hii haikuinama kwa sababu haikubeba kitu. Mzigo umezuiliwa njiani. Akahamisha kidole kimoja kwenye hasi ya betri, na kingine akakigusisha kwenye mwili wa injini, akanambia nibonyeze tena. Baina ya sehemu hizo mbili panatakiwa pasiwe na kitu, au sehemu ndogo tu ya volti. Kipimo kikasema volti 3 na ushei.

"Naam, ami. Umeme wako waenda, lakini hauna njia ya kurudi."

Waya wa hasi, ambao mafundi huuita waya wa athi, ulikuwa umefungwa kwenye mwili kwa bolti moja. Alipoifungua, chini yake palikuwa na unga wa kijani kama wa sarafu iliyookotwa pwani. Hapana haja ya kumtafuta mchawi. Pikipiki iliyopanda feri kwa miaka yote hiyo, ikapigwa na upepo wa kusi wenye chumvi, ikalala nje ya nyumba umbali wa kutupa jiwe kutoka baharini, shaba yake italiwa. Sisi watu wa pwani twajua kupaka mashua sifa ili isiliwe. Waya wa athi hakuna anayeukumbuka. Alisugua mpaka chuma kikang'ara, akasugua na kichwa cha waya, akafunga, kisha ndipo akapaka grisi juu. Alisisitiza hilo: grisi ni ya juu, baada ya kufunga.

Nikabonyeza. Stata ikageuka kivivu, kama mtoto anayeamshwa daku, ikasita. Mara ya pili ikasema tak. Akachukua mpini wa nyundo akaigonga ubavuni taratibu, akasema, "Bonyeza." Ikazunguka, na injini ikawaka!

Nilitia mkono mfukoni kutoa pesa. Akanizuia.

"Ami, hapa naweza kupokea pesa zako ukaenda zako ukinishukuru. Lakini stata inayoamka kwa kugongwa, kaboni yake imekwama ndani. Baada ya wiki itakurudia, na pengine uko papo hapo feri. Nifungue, nisifungue?"

Nimezaliwa na kukulia kati ya watu wa biashara, na nimesoma katika fiqhi mlango wa kubainisha kasoro ya bidhaa kabla ya kuiuza. Kuuona ukitumika chini ya mkungu, na mtu ambaye kunyamaza kwake nisingekujua kamwe, ni kitu kingine. Nilimwambia afungue.

Kabla sijaendelea, nataka kusema kidogo juu ya chombo hiki, maana kina asili yake. Magari ya mwanzo yaliamshwa kwa kuzungusha mkono wa chuma mbele ya injini, na injini ikirudi nyuma ghafla ulikuwa ukivunja mikono ya watu. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyefanikiwa kuweka stata ya umeme ndani ya magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya mashine za kuhesabia pesa madukani, na huko alitengeneza mota ndogo ya kufungulia droo. Wenzake wa umeme walikuwa wakipiga hesabu kuwa mota ya kuzungusha injini lazima iwe kubwa sana. Yeye aliona kuwa mota itakayofanya kazi kwa nukta chache tu yaweza kuwa ndogo na ikabebeshwa mzigo uliopita kiasi, kisha ikapumzika. Kwenye pikipiki ilichelewa kuenea. Honda waliitia katika kipikipiki chao cha C102 mwaka 1960, na hii CB350 ilipotoka mwaka 1968 ilikuja na vyote viwili, stata na kiki. Lakini siri ya Kettering ingali ile ile, nayo ndiyo sababu ya mafundi kukwambia usikishikilie kitufe zaidi ya nukta tano kwa mara moja. Stata si mota ya feni. Ni mpagazi anayebeba gunia lililomzidi, hatua kumi tu.

Alianza kwa kuondoa waya wa betri, kwanza ule wa hasi. Aliniambia kuwa anayeanza na chanya, spana yake ikagusa fremu, ataona cheche ambazo hatazisahau. Akaweka karai chini ya kifuniko cha kushoto, kwa sababu mafuta ya injini hutoka huko, akafungua mnyororo mdogo, akaitoa stata, mkebe wa chuma wa kadiri ya chupa ya soda. Kabla hajagusa bolti zake mbili ndefu, alichora mstari kwa msumari kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye mwili, ili wakati wa kufunga kila kitu kirudi pale kilipokuwa. Vishata vyembamba vya kwenye mhimili alivipanga juu ya karatasi, vya mbele mbele na vya nyuma nyuma.

Ndani mlikuwa na masizi. Kaboni hulika kadiri inavyosugua shaba, na vumbi lake hubaki humo humo. Lakini hili halikuwa vumbi, lilikuwa lami: sili ya mafuta ya mhimili, mpira wa miaka hamsini, ilikuwa imekauka ikapasuka, mafuta ya injini yakapenya na kuchanganyika na masizi. Stata ina kaboni mbili, na kila moja hukaa ndani ya kijumba chake ikisukumwa na springi ili ikandamize ule mviringo wa vipande vya shaba ulio kwenye kichwa cha amecha. Moja ilikuwa bado ndefu ya kutosha lakini imegandishwa na lami ile, haiendi mbele wala nyuma. Ya pili ilikuwa imekwisha, imebaki kipande cha kimo cha punje ya mbaazi.

Amecha aliiosha kwa spiriti na brashi ya meno. Hakutumia petroli, wala hakuiloweka, kwa sababu ya vanishi inayohifadhi nyaya. Shaba aliisugua kwa msasa laini uliozungushiwa pande zote, akakataa katakata sufi ya chuma, ambayo nyuzi zake hunasa katikati ya vipande na kuunganisha visivyotakiwa kuungana. Kisha akachukua kipande chembamba cha ubapa wa msumeno wa chuma na kuanza kukwangua nafasi iliyo kati ya kipande na kipande, mmoja baada ya mwingine. Kazi hii ilichukua muda mrefu kuliko zote. Adhana ya alasiri ikatoka, tukaenda tukasali, tukarudi, akaendelea alipoachia.

Upimaji wake wa amecha ulikuwa kwa betri na taa ndogo, ingawa kipimo alikuwa nacho. Nadhani alitaka nione kwa macho yangu. Kutoka kipande cha shaba hadi jirani yake, taa ikawaka, kwa kila jozi. Kutoka kipande hadi mhimili wa chuma, taa haikuwaka hata mara moja. Kinyume cha hivyo ingekuwa nyaya zimekatika au zimegusana na chuma, na hapo, alisema, yule bwana wa kwanza angekuwa na haki ya kuitangazia msiba. Koili zilizo kwenye ganda zikapita mtihani huo huo.

Ikabaki kaboni. Za Honda hii hazikupatikana katika duka lolote tulilouliza. Nilikuja na zangu mbili nilizozitoa kwenye drili mbovu ya nyumbani, nikijiona hodari. Akaziangalia akacheka kwa adabu. Alizikwaruza kwa kisu: weusi mtupu. Kisha akakwaruza ile ya zamani ya stata: ndani yake mna wekundu wa shaba. Kaboni ya stata huchanganywa na shaba nyingi ili ipitishe mkondo mkubwa wa umeme kwa volti chache; kaboni tupu ya drili ingeugua moto na stata ikabaki mnyonge, na mimi ningeapa kuwa imekufa kweli. Alikuwa na za stata ya gari, kubwa kuliko zetu. Alizipunguza kwa tupa, akizijaribu kila mara ndani ya kijumba, mpaka zikawa zinateleza bila kulegea. Akalehemu mkia wa moja kwenye koili na kuufunga wa pili kwenye ganda. Mwisho akazungusha msasa juu ya shaba na kuigeuza amecha chini ya kaboni, ili nyuso zao zipate mkunjo wa mviringo ule.

Wakati huo nilimtupia hoja ya kishairi. Nilimwambia kuwa "stata" ni neno la kukopa, na kwamba sisi watu wa lugha twaweza kukiita chombo hiki "kiamshi." Alifikiri kidogo, tupa mkononi.

"Ami, mtu akija hapa akasema kiamshi chake kimeharibika, mimi nitamwelekeza kwa muadhini."

Tangu siku hiyo sijalitamka neno hilo mbele ya mtu mwingine, isipokuwa leo mbele yako, msomaji.

Sili mpya ilipatikana kwa vipimo vya duka la beringi, maana sili haiulizi ni ya pikipiki au ya pampu ya maji, bora kipenyo kilingane. Bushi zikapata tone moja moja la mafuta. Mstari wa msumari ukakutanishwa, stata ikabanwa kwenye jiliwa na kuunganishwa na betri kwa nyaya nene. Ilizunguka kwa mlio mmoja mwembamba usiokatika, na jiliwa likatetemeka juu ya meza. Fundi hakusema kitu. Aliinamisha kichwa akasikiliza, macho yamefumba, kidole kimoja kimeinuka. Mimi nilijua nimeshamwona mtu wa namna hii.

Ujira alioutaja ulikuwa mdogo hata nikaona haya, nikamwongeza, akakubali baada ya kukataa mara mbili. Zile kaboni kuukuu alinikabidhi zimefungwa kwa karatasi. "Ni mali yako, ami. Mtu akikwambia nimekudanganya, mwonyeshe."

Mwezi uliandama usiku wa siku ya tatu baada ya hapo. Siku ya kwanza ya Ramadhani nilipanda feri na mfuko umening'inia kwenye usukani, ndani yake bakuli la mbaazi za nazi na nusu ya mkate wa sinia. Nikazima injini. Maji yalikuwa yamejaa, jua limeelekea kuzama nyuma ya Kilindini, na watu wote walikuwa kimya kwa uchovu wa saumu ya kwanza. Ng'ambo ikafika, mlango ukashuka. Nilisema bismillahi, nikabonyeza, na injini ikawaka kabla sijakiachia kitufe. Nikakaa nikiisikiliza.

Nyuma yangu honi ikalia. "Babu, si imewaka? Songa basi, magharibi hiyo!"

Nikasonga.